Shimo Lisilojaa

Ndugu msomaji, nitakupeleka kwenye nyumba ya watu wema. Nalisema hili mapema ili baadaye usije ukamwandama mwenye nyumba kwa maneno makali. Kosa alilolifanya wengi wetu tumelifanya, na wengine tunalifanya hadi leo bila hata kujua kwamba ni kosa.

Asubuhi katika nyumba hiyo ilianza kwa mlio wa kapi. Mke wa fundi alikuwa wa kwanza kufika kisimani. Alivuta kamba, ndoo ikapanda, na kapi likalia kwii, kwii, kwii. Fundi akiwa bado kitandani aliusikia mlio huo akajua kwamba dunia iko mahali pake. Kisha alisikia maji yakimwagwa taratibu kwenye kitalu cha miche, maana mkewe alikuwa akiotesha miche ya matunda na ya mbao, na kwa ajili hiyo kila mtu alimwita Mama Miche.

Kisima hicho walikichimba wenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Fundi alikuwa chini na sururu, mkewe juu akivuta udongo kwa ndoo. Siku maji yalipochomoza, fundi alipiga ukelele, na mkewe kwa furaha akaiachia kamba, ndoo ikamshukia mumewe begani. Kovu analo hadi leo, na huwaonyesha wageni kama mtu aonyeshavyo cheti cha ndoa. Nyumba sita za majirani zilichota hapo, na hakuna aliyewahi kukatazwa.

Fundi alitengeneza matrekta, pampu na mashine za kusaga. Karakana yake ya mabati ilikuwa upande wa juu wa kiwanja. Watu walimwita Hakitupwi, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Msumari uliopinda hautupwi, hunyooshwa. Tairi lililokwisha halitupwi, huwa kiti. Na oili chafu, ile nyeusi tititi inayotolewa kwenye injini wakati wa kuweka mpya, nayo haitupwi.

Alianza kwa nia njema kabisa. Mchwa walikuwa wamelila banda la mbuzi la mkewe, likaanguka. Fundi akasimamisha nguzo mpya, na katika kila shimo la nguzo akamimina kopo zima la oili chafu. Banda likasimama. Baada ya hapo akainyunyiza uani ili vumbi litulie. Akaipaka kwenye banda la kuku kuua utitiri, na kuku mmoja mweupe akatoka na mabaka, hadi Mama Miche akauliza kama siku hizi wanafuga kanga.

Iliyobaki, na ndiyo nyingi, aliimwaga kwenye shimo alilolichimba nyuma ya karakana na kulifunika kwa bati.

"Mafuta yametoka ardhini," alikuwa akisema, "acha yarudi kwao."

"Hata wewe umetoka udongoni, mume wangu," Mama Miche alimjibu siku moja. "Nikurudishe sasa au baada ya chai?"

Wakacheka wote wawili, na neno la maana likapotea ndani ya kicheko. Mara nyingi ndivyo yanavyopotea.

Fundi alijivunia shimo lile. "Lina baraka," aliwaambia wateja. "Mwaka wa tisa huu namimina, halijajaa." Naomba uliweke neno hilo moyoni, msomaji, maana hadithi yote imo humo. Mtu huyu, ambaye angesikiliza injini kwa sikio tu na kukuambia wapi inavuja, hakuwahi kujiuliza shimo lisilojaa linapeleka wapi kile kinachomiminwa ndani yake. Na kisima kilikuwa hatua thelathini tu upande wa chini.

Mwaka huo binti yao wa pekee alikuja nyumbani, mimba ikiwa ya miezi minane, ajifungue karibu na mama yake. Mvua nazo zikaja, zikanyesha wiki mbili mfululizo. Zilipokatika, wakaketi barazani kunywa chai.

"Baba, chai hii inanuka karakana," binti akasema.

"Pua ya mjamzito hiyo," fundi akamjibu. "Mama yako alipokuwa na mimba yako alidai nanuka vitunguu, miezi mitatu mizima."

"Ulikuwa unanuka," Mama Miche akasema kutoka jikoni.

Lakini hakucheka kama kawaida yake. Mwotesha miche amezoea kutazama vitu vidogo, na kwa siku kadhaa alikuwa ameona majani ya miche yake yakigeuka manjano kuanzia kingoni. Akachukua bakuli jeupe, akalijaza maji ya kisima, akaliweka juani kwenye kizingiti.

"Baba watoto, njoo uone."

Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wa zambarau, kijani na dhahabu, ukijikunja taratibu kama kitu chenye uhai. Binti alisema ni kama upinde wa mvua. Fundi akalisogeza bakuli karibu na macho. Alikuwa ameziona rangi zile kila siku ya kazi yake, kwenye madimbwi ya karakana.

"Ndoo hiyo," alisema mwishowe. "Labda niliishika na mikono ya kazi."

Akaiosha ndoo kwa sabuni mara tatu. Akabadilisha kamba. Akachota upya, akamimina kwenye bakuli, akasubiri. Rangi zikarudi. Aliponyanyua macho, alikuta mkewe anamtazama yeye, si bakuli.

"Fundi, mtu akikuletea gari linalopungua oili kila wiki, na chini ya gari hakuna hata tone, huwa unamwambia nini?"

"Namwambia inakwenda mahali."

"Na lile shimo lako lenye baraka?"

Fundi akaketi kwenye kizingiti kando ya bakuli. Mkewe akaketi naye. Sitaki kukuficha kilichompitia kichwani. Aliwaza kunyamaza. Alikuwa fundi wa kuaminiwa, na nani atampelekea pampu yake ya maji mtu aliyeharibu maji? Tena utando ni mwembamba, labda jua la wiki mbili litaukausha. Kisha akasikia ndoo ya jirani ikigonga ukingo wa kisima, na mtu akiimba kwa sauti ya chini huku akichota.

"Utawaambia wewe au niwaambie mimi?" Mama Miche akauliza.

"Nitawaambia mwenyewe," akasema, akaenda kumwomba yule mwimbaji ayamwage maji yake.

Akavua kofia yake ya kazi na kupita nyumba hadi nyumba. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja mcheshi, aliyewalea wajukuu wanne. Alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Kumbe ndiyo maana siku hizi naamka kama pikipiki mpya, bila kupigwa kiki," alisema. Fundi akajaribu kutabasamu. Mjane hakutabasamu. Akaugeukia mtungi wake, akauinamisha, maji yakamwagika yote uani. "Wajukuu zangu wanakunywa maji yale, shemeji," akasema taratibu.

Fundi angependelea kutukanwa.

Siku ya pili bwana afya, aliyeitwa na fundi mwenyewe, alifika na chupa zake, akachukua maji ya kupimwa na kuufunga mdomo wa kisima kwa ubao wenye maandishi: yasinywewe, yasipikiwe, yasiogeshewe mtoto, yasimwagiliwe mboga. Kisha akaomba aonyeshwe shimo.

"Unamimina kiasi gani, mzee wangu?"

"Kama lita kumi kwa wiki."

"Kwa muda gani?"

"Miaka tisa." Fundi alianza kuzidisha kichwani, akaacha.

"Shimo likijaa, angalau unajua kilichomo kimo," bwana afya akasema. "La kuogopwa ni lisilojaa."

Jioni ile fundi alimkuta binti yake akikunja nguo na kuzipanga begini.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama mkwe, Baba. Mtoto atahitaji maji." Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Nipe siku moja," fundi akasema.

Kulipokucha alifunga madumu manne kwenye baiskeli, akaenda chemchemi iliyo ng'ambo ya kilima. Saa nzima kwenda, saa moja na nusu kurudi, maana kurudi ni kupanda na madumu yamejaa. Safari ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, ya pili ya mjane. Nyumba nyingine zilikuwa na vijana wa kwenda wenyewe. Binti aliyaona madumu mlangoni. Alifungua zipu ya begi, akatoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini.

Wiki iliyofuata walilichimbua shimo. Fundi alikuwa chini, mkewe juu, kamba mikononi, kama mwaka ule wa kwanza. Udongo ulitoka mweusi, ukanuka, na weusi haukwenda chini tu, ulikuwa umejipinda kama ulimi kuelekea kisimani.

"Safari hii usiiachie kamba," fundi alisema kutoka chini.

"Safari hii hujaniletea habari njema," mkewe akamjibu. Majirani waliokuja na majembe wakacheka, na fundi naye akacheka huko chini, kwa mara ya kwanza tangu siku ya bakuli.

Udongo ule ulitiwa kwenye mapipa na kupelekwa mahali alipoelekeza bwana afya. Waling'oa na nguzo za banda la mbuzi, wakachimbua kila shimo. Maji ya kisima yalivutwa kwa pampu hadi tope, kisima kikaachwa kijae, kikavutwa tena, mara nyingi kuliko walivyoweza kukumbuka. Oili chafu iliyotoka kwenye injini sasa ilikaa ndani ya dumu lenye kifuniko, juu ya saruji, na kila mwezi fundi aliipeleka mjini kwenye gereji kubwa. Huko huja lori kuichukua na kuipeleka kiwandani kusafishwa.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye mapafu ya kutosha. Aliogeshwa kwa maji ya baiskeli. Babu yake alipoona beseni linamwagwa aliona kilima chote kinamwagwa, lakini hakulalamika.

Asubuhi zilikuwa ngumu kwa sababu nyingine. Kapi lilikuwa kimya. Fundi aliamka kila siku akisubiri mlio, kisha akakumbuka.

Kipimo cha pili, kama cha kwanza, kilisema maji bado hayafai. Mwezi wa tano tangu kisima kifungwe, bakuli jeupe halikuonyesha rangi yoyote, na fundi akaliinua anywe. Mama Miche akalifunika kwa kiganja.

"Macho hayo hayo, mume wangu, ndiyo yaliyoona shimo lina baraka. Tungoje karatasi."

Kipimo cha tatu kikasema bado. Wakangoja. Mjukuu akaota meno, akaanza kutambaa, akajifunza kusimama kwa kushika gurudumu la baiskeli ya babu yake.

Barua ya kipimo cha nne ililetwa na bwana afya kwa mkono wake, mwezi wa kumi na nne. Aliwasomea barazani, binti akiwa amempakata mtoto na mjane akiwa amesimama na ndoo tupu, kama mtu aliyepita tu. Maji yanafaa. Yapimwe tena baada ya mvua.

"Hakitupwi," mjane akasema, "leo nitachota mara mbili. Ile ya pili ni riba."

Kesho yake asubuhi fundi alikuwa bado kitandani aliposikia kwii, kwii, kwii. Hakuvaa hata viatu. Alimkuta mkewe kisimani, anamimina maji kwenye bakuli jeupe. Wakainama kulitazama. Ndani mlikuwa na nyuso mbili zilizozeeka kidogo, na nyuma yao anga.

"Limekauka sana hili kapi," Mama Miche akasema. "Lilikaa zaidi ya mwaka bila kazi. Hulipaki hata tone la oili?"

Fundi alilisikiliza likiteremsha ndoo tena.

"Acha lilie," akasema.

FUNZO

Ndugu zangu, fundi huyu hakuwa mchoyo wala mvivu wala mkorofi. Alimpenda mke wake, na nguzo zile alizimiminia oili kwa mapenzi. Nia njema haichuji maji. Ardhi si pipa lenye kitako. Tunachomimina leo nyuma ya nyumba kinaendelea na safari, na safari za ardhini huishia penye maji.

Oili chafu usiimwage shimoni, wala mtaroni, wala usiipake kwenye nguzo na mabanda, na vumbi la uani litulize kwa njia nyingine. Iweke kwenye dumu zima lenye kifuniko, mbali na watoto, usiichanganye na maji wala petroli, kisha ipeleke kwa wanaoikusanya. Kama hujui ni nani, uliza kwenye gereji au kwa bwana afya.

Na ikiwa umekwisha kuimwaga, kama wengi wetu, usinyamaze. Vua kofia, upite nyumba hadi nyumba kabla jirani hajachota ndoo nyingine. Aibu ya siku moja inabebeka. Fundi huyu aliibeba, kisha akabeba maji miezi kumi na minne, na hadi leo watu wanampelekea pampu zao.