Nakijwa na Ndoo ya Mng'ao

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi Nakiete. Ilikuwa Desemba 1988, kwetu Usangi, tukichambua maharage. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Yenyewe ilitokea miaka tisa kabla ya hapo.

Nakijwa alikuwa na miaka sita. Katika shule yote ya chekechea, yeye ndiye aliyekuwa mfupi kuliko wote.

Nyuma ya nyumba ya bibi yake, Bibi Namkunda, kulikuwa na banda la vyungu. Ndani yake mlikuwa na tanuri la matofali, meza ndefu, na ndoo moja.

Juu ya meza palikuwa na vikombe vya udongo. Shangazi alisema vilikuwa arobaini. Bibi alisema thelathini na kimoja. Bibi alivihesabu.

Kila mtoto wa chekechea alifinyanga kikombe chake. Bibi alivichoma mara moja. Vikawa vigumu na vyekundu.

"Tayari kunywea uji!" alisema Nakijwa.

"Bado," alisema Bibi. "Ukitia uji sasa, kikombe chenyewe kitaunywa. Lazima tukivike mng'ao."

Mng'ao ulikuwa ndani ya ndoo. Shangazi Nakiete alitia majivu laini. Akatia udongo mweupe. Akatia unga wa chupa zilizovunjika, uliotwangwa kiangazi chote.

Kisha akamimina maji. Shaa!

Kikombe kikichovywa humo, kinavaa koti jeupe. Kikichomwa tena, koti linayeyuka. Kikombe kinang'aa kama jicho la ndama.

"Unga wa chupa umekwisha," alisema Shangazi. "Ndoo ni hii moja tu."

Vikombe vilipangwa mstari, kama watoto wenyewe walivyopangwa shuleni kwao. Mrefu mbele. Mfupi nyuma.

Kikombe cha Nakijwa kilikuwa cha mwisho kabisa. Kilikuwa na vidoti vitatu.

"Bibi, mng'ao utafika kwangu?"

"Utafika, mama. Ndoo imejaa."

Nakijwa alitaka sana ufike. Shuleni, asiye na kikombe humsubiri mwenzake amalize uji. Nakijwa alikuwa akimsubiri Mbazi. Na Mbazi alikunywa polepole, tena makusudi.

Shangazi akashika mwiko mrefu. Alikoroga kama alivyokoroga uji. Mkono wa kulia. Upande mmoja. Akaimba:

"Zungu, zungu, kulia twende,
Usirudi nyuma, usitie madonge!"

Bibi akachovya kikombe cha kwanza. Chubwi!

"Moja, mbili, tatu, toa!"

Kikatoka na koti jeupe, zito kama mtindi.

"Na mimi nikoroge!" alisema Nakijwa. Akanyoosha mkono. Ulikuwa wa kushoto.

"Huo urudishe," alisema Shangazi. "Mkono wa kushoto haukorogi."

"Lakini ndio wenye nguvu, Shangazi."

"Basi ukamkune mbuzi."

Nakijwa akarudisha mkono. Akakaa kwenye kigoda. Akatazama.

"Zungu, zungu, kulia twende,
Usirudi nyuma, usitie madonge!"

Chubwi! Kikombe cha kumi kikatoka na koti zuri.

Chubwi! Kikombe cha ishirini kikatoka na koti jembamba.

Chubwi! Kikombe cha ishirini na tatu kikatoka chekundu vilevile. Maji yalichuruzika. Do, do, do.

"Hiki kimeoga tu," alisema Nakijwa. "Hakikuvaa."

Shangazi akakoroga kwa nguvu zaidi. Zungu, zungu, zungu! Jasho likamtoka puani.

Chubwi! Kikombe kilekile kikaoga tena.

"Niongeze maji?" aliuliza Shangazi.

"Usiongeze!" Bibi akamshika mkono. "Maji yapo tele. Unga ndio umetukimbia."

"Umekimbilia wapi?" aliuliza Nakijwa.

Wakasubiri maji yatulie. Wakachungulia wote watatu.

Juu, maji yalikuwa meupe kidogo tu, kama ya kuoshea mchele. Chini, katikati ya ndoo, unga ulijikusanya. Ulisimama kama kichuguu cha mchwa!

"Mama, nimekoroga kweli," alisema Shangazi.

"Nimekuona, Nakiete," alisema Bibi. "Koroga tena."

Nakijwa akahesabu vikombe vilivyobaki. Vilikuwa tisa. Chake kilikuwa kule mwisho.

Shangazi akazungusha, akazungusha. Maji yakaenda mbio. Kichuguu kikakaa palepale.

Mara kuku akaruka juu ya meza. Puru! Akatembea kati ya vikombe.

"Shii! Shii! Wewe!" Shangazi akaacha mwiko, akamfukuza kuku. Akatoka naye nje mbio.

Maji yalikuwa bado yanazunguka. Mwiko ulikuwa unaelea peke yake.

Nakijwa akapanda juu ya kigoda. Akashika mwiko kwa mkono wake wenye nguvu. Akasukuma chini, mpaka ukagusa.

Mkono wa kushoto ukaenda upande wake. Maji yakaja huku. Mwiko ukaenda kule. Vikakutana.

Vuruuu!

Wingu jeupe likapanda kutoka chini. Likajaa ndoo nzima.

"Bibi! Kichuguu kimebomoka!"

Shangazi akarudi, kuku akiwa kwapani. "Nani amekupa mwiko? Tena kwa mkono huo!"

"Shangazi, ukizungusha upande mmoja tu, unga unaenda katikati, unalala," alisema Nakijwa. "Ukirudi nyuma, unaamka."

"Uji haukorogwi hivyo."

"Kwani hii tutainywa?"

Bibi akacheka. "Haya, Nakiete. Mjibu mtoto."

Shangazi akambana kuku kwapani.

"Ko!" kuku akajibu.

Bibi akachukua kile kikombe kilichooga. Kilikuwa kimekauka. Akakichovya tena. Chubwi!

"Moja, mbili, tatu, toa!"

Kikatoka na koti jeupe, zito kama mtindi.

Shangazi akakitazama juu. Akakitazama chini. "Mh," alisema. Akamweka kuku nje, akafunga mlango.

"Jamani, unga unalala tena!" alipiga kelele Nakijwa.

"Basi msisimame!" alisema Bibi. "Nakiete, wewe kulia. Nakijwa, wewe kushoto. Mwiko ni mmoja, mpokezane."

Shangazi alizungusha mara tatu kulia. Nakijwa akapokea, akarudi mara tatu kushoto. Wimbo wa zamani haukufaa tena. Shangazi akatunga mwingine palepale:

"Kulia twende, kushoto turudi,
Chini mpaka chini, unga usilale!"

Chubwi! Kikombe cha ishirini na tano kikavaa.

"Kulia twende, kushoto turudi,
Chini mpaka chini, unga usilale!"

Chubwi! Cha ishirini na nane kikavaa.

Mng'ao ukapungua. Ukafika nusu. Ukafika robo. Mkono wa Nakijwa ukaanza kuuma.

"Umechoka?" aliuliza Shangazi.

"Mkono umechoka. Mimi bado."

Chubwi! Cha thelathini kikavaa.

Kikabaki kimoja. Kilikuwa na vidoti vitatu.

Bibi akainamisha ndoo. Mng'ao ukakusanyika upande mmoja. Ulikuwa kidogo sana.

Nakijwa alitaka kutazama kikombe chake.

"Usikitazame! Koroga!" alisema Bibi.

Nakijwa akafumba macho. Akakoroga. Akaimba kwa sauti ndogo:

"Kulia twende, kushoto turudi,
Chini mpaka chini, unga usilale..."

Chubwi.

"Moja," alisema Bibi.

"Mbili," alisema Shangazi.

"Tatu, toa!" alipiga kelele Nakijwa. Akafumbua macho.

Kikombe kilikuwa cheupe. Ndani cheupe. Nje cheupe. Kimevaa mpaka kwenye mdomo!

Ndani ya ndoo yalibaki matone machache tu.

Vikombe vikaingia kwenye tanuri. Moto ukanguruma mchana kutwa. Vuuum! Vuuum!

Kisha tanuri likaachwa lipoe.

"Nifungue?" aliuliza Nakijwa kesho yake asubuhi.

"Bado."

"Nifungue?" aliuliza kesho yake jioni.

"Ukifungua vitapasuka. Nenda ukalale."

Siku ya tatu Bibi akafungua. Akatoa kimoja, akatoa kingine. Vyote viling'aa, kijani kama jani changa la mgomba.

Mwisho kabisa akatoa chenye vidoti vitatu. Kiling'aa mpaka Nakijwa akaiona pua yake humo.

Shangazi akaleta uji wa moto. Akaumimina ndani ya kikombe. Wakasubiri. Akakinyanyua, akapapasa chini kwa kidole.

"Pakavu," alisema.

Akampa Nakijwa. Nakijwa akapokea kwa mikono miwili. Akanywa wote. Gu, gu, gu!

"Mikono yote miwili imefanya kazi," alisema Shangazi. "Na yule mbuzi nitamkuna mwenyewe."

Jumatatu shuleni, Nakijwa hakumsubiri mtu. Alimaliza uji, akaenda kucheza. Usiku ule alilala mapema, mkono wake wenye nguvu ukiwa chini ya shavu.

Bibi Namkunda alifariki mwaka 1996. Kuku aliliwa zamani, Pasaka iliyofuata kazi ile ya vikombe. Mbazi yupo, anaishi Moshi. Shangazi Nakiete yupo, ana miaka themanini na mbili. Nakijwa yupo.