Simu Ilijuaje Habari za Tereza?

Telesphory na mkewe Tereza wanakaa Tumbi, Kibaha. Shamba lao la mihogo liko Marui, Kisarawe. Kila wiki Telesphory huenda shamba siku tatu. Tereza hubaki nyumbani akishona sare za shule.

Jumanne moja Telesphory aliona majani ya mihogo yamejikunja na kupata mabaka ya njano. Akatoa simu. Siku hizi kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kuna kitufe cha msaidizi wa akili mnemba. Ukimwuliza, anajibu. Telesphory akabonyeza.

Kabla hajaandika kitu, aliona orodha ya maswali ya zamani. La juu kabisa lilisema: "Majibu ya Tereza: uvimbe kwenye titi."

Akasoma. Akasoma tena. Akaigeuza simu akaangalia mgongo wake, kama vile maelezo yapo huko.

"Tereza yupi? Wangu? Mbona hajaniambia? Na hii simu imeambiwa na nani?"

Aliacha jembe hapo hapo, akaondoka na gari la kwanza. Saa kumi jioni alikuwa Tumbi.

"Mbona leo?" Tereza alishangaa. "Mihogo imeibiwa?"

"Mihogo ipo. Wewe unaumwa?"

Mkasi ukamponyoka Tereza. "Nani kakwambia?"

"Simu."

"Simu gani inayopiga umbea, Baba Flora? Sema tu ni Nuria. Ndiye niliyekwenda naye hospitali."

"Nuria sijaonana naye mwezi mzima! Kumbe jirani anajua, mimi mumeo sijui?"

Tereza akaanza kulia. "Nilingoja kipimo cha pili. Nilitaka nikwambie mwenyewe. Sikujua nianzeje."

Kisha hasira zikampanda. Akatoka hadi uani na kumwita Nuria kwa ukali. Nuria ni mwalimu wa kompyuta chuoni, nyumba zao zimepakana. Alikuja mbio, mikono ina unga.

"Shikamoo, Baba Flora."

"Marahaba. Haya, jitetee."

"Wallahi sijamwambia mtu! Mama Flora, yale majibu uliyasomaje?"

"Hospitali wana ukurasa wao. Niliingia kwa neno langu la siri. Nikakuta Kiingereza cha kidaktari. Nikabonyeza kile kitufe, kikanieleza kwa Kiswahili. Halafu nikafunga. Nilifunga vizuri kabisa!"

"Na barua pepe mnayotumia ni ya nani?"

"Ya familia," alisema Telesphory. "Dulla wa stesheneri ya Maili Moja alitufungulia moja, akaiweka kwenye simu zote mbili."

Nuria akashusha pumzi. "Basi hapo ndipo ilipotokea. Ukurasa uliufunga, lakini ulikuwa umeshamwita mgeni akausome. Ulipobonyeza, maandishi yalikwenda kwa kampuni yenye huyo msaidizi. Mazungumzo yenu yakatunzwa kwenye akaunti. Akaunti ni moja, simu ni mbili. Ulichouliza Tumbi kikaonekana Marui."

Telesphory aliiweka simu kwenye kiti, akasogea pembeni. "Kwa hiyo yumo humu? Ananisikia?"

"Hayumo, baba. Ni mitambo ya mbali."

"Bado sijaelewa."

"Mimi naanza kuelewa," alisema Tereza taratibu. "Ni kama nimempa fundi mwingine daftari la vipimo vya wateja anisomee, yeye akanakili. Mimi nafunga daftari langu, nakala anayo."

"Umepatia, mama."

Nuria aliyafuta yale mazungumzo. Akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, akamzima msaidizi asisome kurasa. Akafanya hivyo kwenye simu zote mbili. "Simu hazifanani, kwa hiyo mahali pa kuzima panaweza kuwa tofauti. Asiyepaona aulize." Kisha akamfungulia kila mmoja akaunti yake na neno lake la siri.

"Kwa hiyo sasa yamefutika?" Tereza aliuliza.

"Hapa, ndiyo. Kilichokwenda nje siwezi kukuapia. Ndiyo maana kwenye ukurasa wa hospitali, wa benki, au barua ya mtu, kitufe hicho usikiguse. Usipoelewa, muulize nesi."

Tereza aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Nimekugombeza bure."

"Nishonee gauni la Idi, yaishe."

Telesphory hakucheka. "Mimi bado kichwa kinazunguka," alisema. "Ila Mama Flora, mara nyingine uanze na mimi. Hata kama hujui uanzeje."

Wiki mbili baadaye majibu ya pili yakatoka. Kiingereza kilikuwa kile kile, na kitufe kilikuwa pale pale pembeni. Tereza hakukigusa. Alikwenda hospitali, nesi akamsomea mstari kwa mstari.

Telesphory alikuwa Marui, aking'oa mihogo yenye ugonjwa. Simu ikalia.

"Baba Flora, umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa kwanza."

Alikaa juu ya tuta. Safari hii simu ilikuwa haijamwambia lolote. Akangoja.

"Si saratani," alisema Tereza. "Nitarudi baada ya miezi sita waangalie tena. Umenisikia?"

"Rudia," alisema Telesphory. "Nataka kukusikia wewe."