Ukelele wa Anfal

Anfal hakuwa na kaka wa kumtetea. Hakuwa na uwanja wa kuchezea, maana mtaani kwao Gerezani, Dar es Salaam, kila penye nafasi pana gereji. Hakuwa na baiskeli yake mwenyewe, ingawa alilala juu ya duka lililojaa baiskeli. Tena, katika miaka yake kumi na miwili, hakuwahi kuuona mto wa kupita boti. Lakini sauti alikuwa nayo, na ya kutosha.

Kila alipotoka shule alikaa nje ya duka hilo la baiskeli na vipuri la Ami Khalil, mdogo wa baba yake, akilinda bidhaa zilizotandazwa barazani. Kibaka akinyoosha mkono tu, Anfal huachia ukelele, "Mwiziii!" na mtaa mzima huinuka. Mafundi walimpa jina la Honi, naye alilipenda.

Likizo ilipofika, Ami Khalil alimchukua katika safari ya kupeleka vipuri Mlangoni, mji mdogo ulio kando ya mto, karibu na mahali mto unapoingia baharini. Alfajiri walipanda boti ya mizigo pale Feri, pamoja na Vitalis, kijana mpakizi wa Gerezani.

"Honi, ukitapika, tapika upande wa samaki," alisema Vitalis. "Wao hawachagui chakula."

"Nitakutapikia wewe!" alijibu Anfal, na boti nzima ikacheka.

Walifika mchana. Ami alipoona kazi ya kushusha mizigo ni ndefu, akamteremshia Anfal baiskeli nyekundu ya dukani. "Kauone mji wa watu. Alasiri isikukute mbali."

Anfal alikanyaga pedali kama aliyefunguliwa kamba. Alipita mashine ya kukoboa mpunga, akapita kina mama walioanika mchele juu ya maturubai, watoto wakimkimbilia nyuma: "Dada, tupe lifti!" Kilichomshangaza ni baiskeli za watu. Zimeegemezwa kila ukuta, hazina kufuli wala mlinzi. "Zingekuwa Kariakoo hizi!" aliwaza, akatikisa kichwa.

Alirudi mtoni na njaa. Akailaza baiskeli kwenye tope kavu kando ya gati, akaingia kibandani kununua vitumbua. Maongezi na muuzaji yakanoga. Alipotoka, alitazama gatini. Mzee mmoja, kikoi kimemlowa mpaka magotini, alikuwa ameishika baiskeli ile na kuikokota mbiombio kuelekea juu.

Hakuuliza. "Mwiziii! Mwizi wa baiskeli!"

Vitalis alitupa gunia alilobeba, akatimka. Abiria wawili wa boti wakamfuata. Mzee aligeuka, akafungua kinywa aseme neno, ngumi ya Vitalis ikamwahi. Akaanguka chini. Damu ilimtiririka juu ya jicho, na kofia yake ikabingirika mpaka majini.

Majini? Anfal alitazama. Pale alipoilaza baiskeli hapakuwa na tope tena. Mto ulikuwa umejaa, na kofia ilielea mahali pale pale.

"Mnamuua Mzee Safari!" alipiga yowe mama wa vitumbua. "Leo bamvua, maji hujaa kupita siku zote! Huku kwetu kitu kikiachwa chini, apitaye hukipandisha juu kabla maji hayajakibeba. Nani kamwita mwizi?"

Vitalis alikunjua ngumi. "Mimi nimesikia sauti tu."

"Sauti ya nani?"

Vitalis alimtazama Anfal, kisha akainamisha kichwa. "Sijui, mama."

Anfal alitaka kusema. Sauti iliyoinua mtaa mzima ikakataa kutoka. Mgambo wakampeleka Vitalis kwa mtendaji, na mzee akapelekwa zahanati. Ami Khalil alirudi kutoka kwa wateja wake akakuta mambo yameharibika, na nahodha hataki kungoja maji yapwe, boti ikwame. Wakaondoka bila Vitalis.

Njiani Ami alisema peke yake, kama anayemwuliza mto: "Vitalis si mtu wa ngumi. Nani alimtia wazimu?"

"Ni mimi, Ami," alisema Anfal, akaangua kilio.

Ami Khalil alimkodolea macho. Hakumgombeza, na hilo lilimwuma zaidi Anfal. Walipofika nyumbani tu, alimpigia simu mtendaji, akaeleza yote. Baadaye mtendaji akampa simu mzee, aliyekwisha kutoka zahanati.

"Nimeshonwa juu ya jicho, ninaona, alhamdulillahi. Kijana ameachiwa, ameniomba radhi, nimemsamehe. Hivi sasa anakula wali kwangu. Lakini niliitwa mwizi mbele ya watu. Aliyeniita aandike kwa mkono wake, isomwe gatini, watu wasikie."

Simu ilipokatika, Ami alimketisha Anfal.

"Mwanangu, kulinda mali si kosa. Lakini neno lile limetoa roho za watu hapa mjini, wengine hawana hatia. Macho yakiona, mdomo uulize kwanza. Vitalis atajibu kwa mkono wake. Wewe utajibu kwa ulimi wako. Tena, ulinyamaza mwenzio akabeba kosa lako. Uliogopa mwizi wa baiskeli, kumbe wewe umemwibia mzee jina lake."

Anfal aliandika, akafuta, akaandika tena: "Shikamoo, Babu Safari. Mimi Anfal ndiye niliyepiga ukelele. Wewe si mwizi. Uliiokoa baiskeli niliyoiacha gatini, nami sikukuuliza. Ninakuomba radhi wewe na kaka Vitalis, mbele ya watu wote." Chini akatia jina lake kamili. Kando ya barua aliweka kofia mpya aliyoichagua na Ami dukani Kariakoo.

Boti ilipokuwa ikijiandaa kurudi Mlangoni, Anfal alisimama Feri na bahasha mkononi.

"Honi, barua ya nani hiyo?" aliuliza nahodha.

"Yangu," alijibu Anfal kwa sauti ambayo hata wachuuzi wa samaki waliisikia. "Isomwe gatini, watu wote wakiwapo."

Akailamba gundi ya bahasha, akaibana kwa vidole mpaka ikashika, akamkabidhi nahodha pamoja na kofia. Injini ikanguruma, barua ikaenda.