Rangi ya Mafuta Juu ya Chokaa

Mtaani wananiita Mkono Mmoja. Si kwamba wa pili umekatwa. Ni kwamba wenzangu wakirudia ukuta mikono mitatu, mimi napaka mmoja tu na kazi imekwisha. Shule niliiacha darasa la sita, lakini ukuta nausoma kuliko mwalimu wangu alivyousoma ubao. Nyie mnaojipakia nyumba wenyewe, halafu mnashangaa rangi inabanduka kama gamba la nyoka, kaeni hapa niwafunze.

Ila hili la leo, hata mimi sikufunzwa na mtu.

Dada yangu alinipigia simu jua likielekea kuzama.

"We fundi wa mdomo, rangi yako imeota lengelenge."

"Yangu? Thubutu! Labda mnauchemshia ukuta maji."

"Njoo uone mwenyewe. Na mtoto kifua kimembana tena."

Nikabeba skrepa ya kukwangulia na msasa, nikaenda napiga mluzi.

Chumba chenyewe nilikipaka wiki tatu nyuma, zawadi kwa mpwa wangu, binti wa miaka minne. Rangi ya mafuta, buluu, inang'aa mpaka unahesabu meno yako. Siku ile bibi mwenye nyumba, anayekaa chumba cha uani, alinishika kiwiko. "Mjukuu wangu, ukuta huo ni wa chokaa tu. Chokaa inapitisha pumzi."

Nikamcheka. "Bibi, kwani ukuta una pua?"

Nikapaka juu ya chokaa bila hata kukwangua. Asubuhi hadi jioni, kwisha. Dada akauliza kama nimepaka na nyuma ya kabati. Nikamwambia, mimi huyu? Nimelisogeza na kulirudisha peke yangu!

Sasa nikasimama mbele ya kazi yangu. Lengelenge moja, kubwa kama sahani, usawa wa kitanda cha mtoto. Mwenyewe alikuwa amelala, kifua kinapiga filimbi. Fiii... fiii...

"Somo la kwanza, dada," nikasema. "Lengelenge unalipasua. Ukikuta rangi ya zamani chini yake, ulipaka juu ya vumbi. Ukikuta plasta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Basi. Hakuna cha jini wala nini."

Nikaliwekea kiganja.

Lilikuwa vuguvugu.

Likanywea... polepole... likavimba tena.

Nikatoa mkono. Nikatega sikio. Lengelenge likivimba, kifua cha mtoto kinabonyea. Likinywea, kinainuka. Fiii... fiii...

"Dada," nikanong'ona, "hebu mwamshe mtoto."

"Kuna nini?"

"Mwamshe tu."

Akamtikisa. Akamwita. Hakuamka.

Basi shujaa wenu nikafanya ninachokijua. Nikachomeka ncha ya skrepa. Ssss... Hewa ikanipuliza usoni, na harufu yake... si ya unyevu. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtoto aliyetoka usingizini. Kisha ile rangi ikavutwa kwa ndani, ikabana ukutani kama mfuko wa plastiki mdomoni mwa mtu.

Filimbi ikakatika.

"Hapumui!" Dada alimkumbatia mtoto, midomo yake midogo imeanza kubadilika rangi. "Mdogo wangu, hapumui!"

Bibi alikuwa ameshasimama mlangoni. Hatukumsikia akija.

"Mmemziba," alisema kwa sauti ya chini. "Asipopata pumzi yake, anakopa ya mwingine. Kwangua."

"Nani, bibi?"

"Kwangua!"

Nikakwangua. Sijawahi kukwangua vile. Gamba la kwanza lilipoanguka, mtoto akavuta pumzi, ndogo, kama anayenyonya kwa mrija. Gamba la pili, nyingine. Skrepa ikanikata kidole, nikaendelea. Chini ya buluu yangu palikuwa na chokaa, tabaka juu ya tabaka, imelowa kama ulimi. Nikaenda juu, nikaenda chini, mpaka ukuta ukabaki mweupe. Mtoto alikuwa anapumua, lakini kwa shida. Hajafumbua macho.

"Bado nyuma ya kabati," dada akasema. "Si ulisema ulipaka?"

"Sikulisogeza, dada. Nilizungusha brashi tu."

Dada akamlaza mtoto, tukalisukuma kabati wawili.

Kule nyuma chokaa ilikuwa wazi. Katikati yake palikuwa na duara la unyevu, ukubwa wa mdomo, kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne. Huku na huku, alama za viganja viwili vidogo. Kama mtu aliyejibanza kwenye nafasi pekee iliyobaki.

Hewa ilipofika pale, mpwa wangu akakohoa, akalia, akaomba maji.

"Uvivu wako ndio umemwacha hai," bibi aliniambia.

Sikujua anamsema yupi.

"Huyu wa ukutani ni wako, bibi?" niliuliza.

Aliugusa ukuta kwa ncha za vidole. "Hapa palikuwa na mlango. Ukazibwa, naye yumo. Miaka arobaini nampaka chokaa. Alama yake haijawahi kupanda hata upana wa kidole."

Akarudi chumbani kwake.

Dada na familia yake walihama wiki ileile, mji wa mbali. Bibi alifariki mwaka uliofuata, akaniachia brashi yake ya chokaa na ufunguo wa chumba. Kila mwaka, kabla ya mvua, naenda. Mkono Mmoja siku hiyo anapaka mikono mitatu, tena hacheki. Chokaa ikikauka, alama inarudi.

Ila sasa kila mwaka inapanda. Vidole viwili. Vitatu. Mwaka jana nilipima kwa futi, nikampigia dada, nikamwomba ampime mtoto urefu wa mdomo kutoka chini. Akanitajia namba ileile. Nikakata simu bila kuaga.

Mwaka huu nilipata kazi ya ghorofa. Nikasema chokaa itasubiri. Wiki mbili tu, jamani.

Jana jioni simu ikalia. Namba ya dada, sauti ya mpwa wangu. Ana miaka tisa sasa, na hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu ukuta ule. Kati ya maneno yake niliisikia... fiii... fiii...

"Mjomba," alisema, "mwaka huu umechelewa kupaka. Tunabanwa."