Mikono Isiyo Yake

Mwalimu Vedavalli aliagiza ua la yungiyungi, Kuzhali akafanya samaki.

Lilikuwa kosa dogo. Darasa la ngoma lilikuwa barazani kwa mwalimu, pale Kumbakonam, kusini mwa India, wasichana wamejipanga mbele yake asubuhi naye akigonga ubao kwa fimbo kuwapa mapigo. Ishara za mikono walizijua tangu wadogo: vidole vikifunguka hivi ni ua, vikikunjwa vile ni tausi. Kuzhali ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, na onyesho lake la kwanza hekaluni lilikuwa limekaribia.

"Yungiyungi, wewe! Umelala?"

"Si ndiyo hii, Akka?" Kuzhali akauliza, akimwita dada mkubwa kama walivyomwita wote.

Wenzake wakaangua kicheko. Kuzhali akaitazama mikono yake. Kiganja kimoja kilikuwa kimelala juu ya mgongo wa kiganja cha pili, vidole gumba vikipepea kama mapezi.

"Si mimi," akasema taratibu.

Vedavalli hakushtuka. Tangu mumewe afariki hakuna kilichomshtua wala kumfurahisha. Alikula wali bila kuonja ladha. Alilala, akaamka.

Lakini mikono ile haikukoma. Kuzhali akishika bilauri ya kahawa, vidole viliiachia ivunjike, vikaanza kusema vyenyewe: maji, wimbi, kutengana. Alipokaa palibaki harufu ya tope la mto. Mwishowe mama yake, Sornam, akaja kwa mwalimu mchana wa jua kali, sari ameifunga ovyo.

"Akka, mwanangu hali kwa mkono wake, namlisha mimi. Vidole baridi kama vya maiti. Nimemchoma sindano hasikii, Mungu anisamehe."

"Daktari je?"

"Eti woga wa onyesho. Woga gani unanuka tope?"

Wakamwita Irulappan, mganga wa hekalu la mungu wa kike Kali. Alifunga milango ya nyumba ya Sornam, akawasha kafuri, akampiga Kuzhali mabegani kwa matawi ya mwarobaini.

"Wewe nani? Sema!"

Macho yakamtoka msichana. Mikono ikainuka, ikaanza kusema.

"Mimi kufukuza najua," mganga akanong'ona, "kusoma vidole sijui. Mwalimu, anasemaje?"

Vedavalli akasogea. "Anasema alikuwa mcheza ngoma. Alizama kwenye mto Kaveri kabla watu hawajamwona akicheza."

"Muulize anataka nini."

Mikono ikajibu, na safari hii haikusimama. Ilikunja na kukunjua mpaka viwiko vikalia kama kuni mbichi motoni, maji meusi yakaanza kuchuruzika kutoka chini ya kucha na kutapakaa sakafuni, na nyuma ya ukuta, upande ambao hapakuwa na chumba wala mtu, njuga za miguuni zikaanza kulia polepole, zikifuata kila ishara, zikisogea karibu, huku Sornam akijiziba mdomo kwa ncha ya sari na mganga akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo wake ukagusa mlango. Vedavalli peke yake hakurudi nyuma. Alisoma. Nataka mikono, ilisema. Kama si hii, basi mingine inayojua kucheza. Mkinifukuza kwa moshi, nashuka na huyu mtoni.

"Akka," Sornam akalia kwa sauti ya chini, "anasemaje?"

Vedavalli akaitazama mikono yake mwenyewe. Alijichunguza moyoni kama kuna hofu, asiikute.

"Amekubali kuondoka."

Akanyoosha kidole chake kidogo, akakinasisha kwenye kidole kidogo cha Kuzhali. Ndiyo ishara ya urafiki, ya watu waliopatana. Baridi ikampanda mwalimu hadi kwapani, ikatulia. Njuga zikanyamaza.

"Amma!" Kuzhali akapiga kelele, akamrukia mama yake. "Nasikia vidole vyangu! Vinauma!"

Irulappan akajifuta jasho, akasema mwarobaini haujawahi kumwangusha. Hakuna aliyembishia.

Kuzhali alicheza hekaluni na watu wakalia. Vedavalli alimtazama huku yeye ameikalia mikono yake mwenyewe, imekufa ganzi, hasikii hata joto la jiwe alilolikalia.

Wazazi walisema mwalimu amekuwa kijana tena, mikono yake haijawahi kuwa mizuri namna ile, wakazidi kumletea watoto. Asubuhi moja akaja mtoto mgeni, Tamarai, nywele zimesukwa na asumini, akasimama mlangoni kwa haya.

"Rudi nyumbani, mwanangu," Vedavalli akamwambia. "Mwambie mama yako nimefunga shule. Usije tena hapa, umesikia?"

Mtoto hakuondoka. Alikuwa akitazama chini, kwenye mapaja ya mwalimu, ambako mikono miwili ilikuwa imenyooka kuelekea kwake, vidole vikikunjika kimoja kimoja, vizuri, kwa upole, vikimwita aingie.

"Akka," akauliza, "nifuate kipi, mdomo au mikono?"

Vedavalli akafungua mdomo kujibu. Mkono wa kulia ukainuka, ukauziba.