Siku ya Kumi na Tatu, Limasoli

Kwa mara ya elfu mbili na mia moja, Bi. Subilaga Mwambungu alimwona binti yake akimwacha gatini Limasoli.

Walikuwa wadogo, urefu wa kidole gumba, wakitembea juu ya meza yake ya chakula, ghorofa ya kumi na nne, jijini Mbeya. Meli ya umeme ilitia nanga kando ya kopo la chumvi. Kivuli cha Bi. Subilaga, kimevaa koti la kijani alilopanga kusafiri nalo, kilisimama kimekaza shingo. Kivuli cha Bupe kilikitazama kidogo, kikageuka, kikaburuta sanduku mpaka ukingoni mwa meza na kutoweka. Mwanga ukazimika.

"Safari imevunjika siku ya kumi na tatu, Mama Bupe," mashine ilisema kwa sauti yake ya upole. "Siku ishirini na tisa hazikutumika."

"Nimeona. Sijapofuka."

Mashine yenyewe iliitwa kitangulizi. Ilikuwa na umbo la sahani, na ilikuwa imeingia majumbani miaka sita iliyopita. Tangu hapo, watu wachache sana walisafiri mbali bila kuitumia. Unajibu maswali mia nane. Unavaa utepe wa kichwani siku tisa ili kitangulizi kijifunze unavyocheka, unavyonuna, unachokipenda na unachokificha. Kisha kinatengeneza kivuli chako, mtu mdogo wa mwanga anayejua unachokijua na kukasirika unavyokasirika, nacho kitangulizi hukituma safarini kabla yako. Wiki sita zinapita kwa dakika moja. Kivuli kikirudi, unajua hoteli ipi ina kelele, mji upi utakuharisha, na meli ipi itakutapisha. Wewe unakwenda baadaye, ukiwa umeshakwepa yote hayo.

Jambo moja tu halikuonyeshwa, nalo ni maneno. Sheria ya Faragha ya Vivuli ilikataza. Ungeweza kuviona vikitembea, vikila, vikinuniana. Vilichosema kilibaki kwao.

Safari ilikuwa wazo la Bupe. Wiki sita kuzunguka mashariki ya Bahari ya Mediterania: Aleksandria, Beiruti, Limasoli kisiwani Saiprasi, Antalya, Rodo, Izmir, kisha kurudi. Bi. Subilaga alikuwa hajawahi kwenda nje ya nchi zaidi ya siku tatu, tena ilikuwa Malawi, kwenye harusi ambayo chakula chake hakukisahau kwa ubaya wake. Alikubali kwa sababu Bupe ndiye mtoto wake pekee, na kwa sababu alikuwa amestaafu na nyumba ilikuwa imemchosha. Alipokubali, alichukua usukani wa maandalizi yote, kama alivyofanya kwa kila kitu.

Alikuwa na stashahada ya usindikaji wa vyakula, na kwa miaka thelathini na moja alipima maziwa kiwandani. Alijua kutafuta kasoro. Unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha kama vilivyo, unapima tena. Kwa hiyo alibadilisha hoteli ya Limasoli. Vivuli viliachana. Alibadilisha meli. Viliachana. Alipunguza joto la mji kwa nyuzi nane, akatoa samaki kwenye mlo, akawapa vyumba viwili ili Bupe asilalamikie kukoroma. Kila mara, siku ya kumi na tatu, sanduku liliburutwa.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa ameitoa Limasoli yenyewe kwenye ratiba. Bupe aliona mabadiliko kwenye simu yake, akatoka chumbani akiwa na mswaki mkononi.

"Mama, umeitoa Limasoli?"

"Nimeitoa. Inatugombanisha. Tukitoka Beiruti tunakwenda Antalya moja kwa moja."

"Irudishe."

"Kuna nini Limasoli? Bahari ipo kila tunakokwenda. Magofu yapo kila tunakokwenda. Na hao paka unaotaka kuwapiga picha wamejaa hapa chini sokoni."

"Nimesema irudishe. Hii ni safari yetu wawili. Siyo zamu yako kiwandani."

"Zamu yangu kiwandani ndiyo iliyokusomesha."

"Unanikumbusha kila Jumamosi. Leo umechelewa, mpaka saa nne hii."

"Una mdomo, wewe mtoto."

"Nimeurithi," Bupe alisema, akarudi chumbani. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mhandisi wa maji, na bado alifunga mlango kwa kishindo kama alipokuwa na kumi na minne. Alipotoka tena alikuwa amevaa koti la mvua. Alisema anakwenda mjini kununua viatu vya kutembelea, akaondoka bila kuuliza kama kuna kingine kinachohitajika.

Bi. Subilaga aliirudisha Limasoli, lakini kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuona: hata ilipotolewa, vivuli viligombana siku hiyo hiyo, ndani ya meli. Alikaa akitazama meza. Kisha akafanya jambo ambalo angelifanya kiwandani tangu siku ya kwanza.

"Kitangulizi. Siku ya kumi na tatu, ondoa bahari. Ondoa mji. Waweke hapa jikoni kwangu."

"Hapo hakutakuwa na safari, Mama Bupe."

"Nimekuomba maoni?"

Jiko dogo likajitokeza juu ya meza, likiwa na jokofu lake na kalenda yake ya kanisa. Vivuli viwili vilikaa. Kimoja kilizungumza. Cha pili kilijibu, maneno machache tu. Kivuli cha Bupe kikasimama na kutoka, sanduku likigonga kizingiti.

Basi kasoro haikuwa hoteli wala meli. Ilikuwa ndani ya watu wenyewe.

"Fungua maneno," alisema.

"Maneno ya vivuli yamefungwa kisheria. Mkuu wa kaya anaweza kuyafungua kwa sababu ya usalama pekee. Je, usalama wa msafiri uko hatarini?"

Kwa miaka thelathini na moja Bi. Subilaga hakuwahi kuweka sahihi kwenye karatasi ya uongo. Mameneja wawili walijaribu kumlazimisha, na wote wawili walihamishwa, yeye akabaki.

"Ndiyo," alisema.

Gati la Limasoli likarudi. Safari hii lilikuwa na sauti: ndege wa baharini, minyororo, na sauti ya Bupe, nyembamba lakini ni yeye.

"Mama, ile nyumba tuliyotoka, yenye madirisha ya buluu. Siyo ya rafiki yangu. Ni yangu. Nimepata kazi kwenye mitambo yao ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, ya kudumu. Nakurudisha Mbeya, kisha naja kukaa huku. Sirudi, mama."

Kivuli cha Bi. Subilaga hakikulia. Hakikuuliza lolote.

"Basi nikifa usije kunizika," kilisema.

Mezani, Bi. Subilaga mwenyewe alishika ukingo wa kiti.

Kwao maneno hayo hayatamkwi ovyo. Mzazi akiyasema, ukoo unayashika, hata kama yeye mwenyewe aliyasema kwa hasira na kuyasahau. Aliwahi kuyaona yakifanya kazi. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alikatazwa hivyo na mama yake mzazi, na siku ya msiba wajomba walimzuia njiani. Alisimama ng'ambo ya barabara amevua kofia mpaka kaburi likafukiwa. Hakuna aliyempelekea hata maji. Bi. Subilaga alikuwa miongoni mwa waliokuwa upande huu wa barabara.

"Rudia," alisema. "Ile ya melini."

Melini, alisema vilevile. Kwenye hoteli ya vyumba viwili, alisema vilevile. Jikoni, alisema vilevile, akiwa ameshika kikombe. Alisikiliza safari arobaini. Wakati mwingine Bupe alianza kwa machozi, wakati mwingine kwa mzaha, mara moja alianza kwa kupiga magoti. Jibu halikubadilika hata neno moja, na kitangulizi kilithibitisha kwamba katika zile nyingine zote lilikuwa hilo hilo.

Kiwandani, maziwa yakiharibika, mtu wa mwisho kushukiwa ni yule anayeshika kipimo.

Bupe alirudi saa tisa, mabega yakichuruzika mvua, akaweka boksi mezani.

"Nimekuletea viatu. Usiseme ni vibaya kabla hujavivaa."

"Ni vibaya."

"Asante, mama."

"Ina vyumba vingapi?"

"Nini?"

"Hiyo nyumba. Yenye madirisha ya buluu."

Bupe alikuwa anavua koti. Mkono mmoja ulibaki ndani ya mkono wa koti, hakuutoa. Alitazama meza, akaitazama sahani ya kitangulizi na taa yake nyekundu iliyoonyesha kwamba maneno yako wazi.

"Umefungua."

"Nimefungua."

"Kwa sababu ya usalama."

"Ndiyo."

"Usalama wa nani, mama?"

Bupe alilivuta koti likatoka, akalitupa juu ya kiti, likaanguka, akaliacha.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane nayatafuta hayo maneno. Nilitaka uione kwanza. Ufike, unywe chai yangu, ukae barazani uone bahari, uone nimepanga vitu vizuri kama ulivyonifundisha. Halafu ndipo nikuambie. Wewe umekaa hapo, umenisikiliza kama taarifa ya habari."

"Ungeniambia mapema nisingefungua."

"Ningekuambia mapema ungeniacha niende?"

"Nisingekuacha."

"Basi tumeelewana."

"Hatujaelewana chochote. Umejenga maisha mengine nyuma ya mgongo wangu, ukanifunga kitambaa machoni ukaita matembezi."

"Na wewe umedanganya serikali ili unisikilize nikikuaga. Nani kamzidi mwenzake hapo?"

Mvua ilipiga dirisha. Chini, treni ya sumaku ilipita bila sauti, glasi kabatini zikatetemeka kidogo. Bupe alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza, mahali kivuli chake kilipokaa katika lile jiko dogo la mwanga.

"Haya. Na wewe ulinijibu nini?"

"Siyo lazima."

"Umeyasikia yangu. Nipe yako."

Bi. Subilaga alikuwa mtu wa kusema matokeo yalivyotoka, yawe mazuri yawe mabaya. Alitamani, kwa mara ya kwanza, awe mtu wa aina nyingine.

"Nilisema nikifa usije kunizika."

Bupe aliyajua maneno hayo. Alikuwepo kwenye msiba ule. Alikuwa na miaka saba, na alimuuliza mama yake kwa nini baba mkubwa haruhusiwi kuvuka barabara.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Zote."

"Zote elfu mbili?"

"Na mia moja na moja."

"Angalau una msimamo," Bupe alisema. Alisimama. Bi. Subilaga alidhani anakwenda kuchukua sanduku, akajikuta anautazama mlango. Lakini Bupe aliokota koti lake sakafuni na kulitundika msumarini.

"Safari ipo," alisema.

"Baada ya haya?"

"Ipo. Tutakwenda Aleksandria, tutagombana. Tutakwenda Beiruti, tutagombana. Siku ya kumi na tatu nitakuingiza nyumbani kwangu, nitachemsha chai, nitakuambia upya kwa mdomo wangu mimi. Nawe utanijibu kwa mdomo wako. Ukilisema lile, mama, nitalishika. Sitakuja. Na mimi siyo kivuli. Hutaniwasha tena."

Aliingia chumbani. Safari hii mlango ulifungwa taratibu, na Bi. Subilaga aliona afadhali kile kishindo.

Alibaki na boksi la viatu na mashine. Kitangulizi kilingoja kwa adabu, kisha taa yake ikageuka kijani.

"Mama Bupe, nimepitia mazungumzo ya siku ya kumi na tatu na kujaribu majibu mengine kwa sauti yako. Nimepata sita ambayo hayaleti utengano. Niyasome?"

Alifikiri. Siku kumi na tisa kabla ya kuondoka, kumi na tatu za njiani. Mtu mwenye akili angetumia kilichopo.

"Soma la kwanza."

"'Mwanangu, furaha yako ndiyo furaha yangu. Nenda kwa amani, moyo wangu utakuwa nawe daima.'" Ilikuwa sauti yake kabisa, pamoja na ule ukwaruzo wa asubuhi. "Uwezekano wa kuendelea na safari ni asilimia tisini na sita."

"Hilo nimelisema lini mimi, maishani mwangu?"

"Hujawahi kulisema."

"Atajua limetoka kwako kabla sijafika mwisho. Yafute yote sita. Futa na vivuli."

"Vivuli vikifutwa, sitaweza kukuonya tena kuhusu siku hiyo."

"Futa."

Meza ikawa meza. Bi. Subilaga alikaa na mikono juu ya mbao, akitazama kiti alichokaa Bupe. Jibu la kwanza lililomjia ni lile lile. Lilikuja lenyewe, limeiva, likamfika kwenye ulimi. Alilimeza. La pili lilikuwa tusi. La tatu lilikuwa swali kuhusu hao wenye mitambo, kama wanajua ni mtoto wa nani waliyemchukua.

Alikohoa kidogo, kama anayetaka kusoma ripoti mbele ya watu.

"Bupe," alikiambia kiti, kwa sauti ya chini ili asisikike chumbani, "hiyo nyumba yako, nikija, nani atanifungulia mlango ukiwa kazini?"

Halikuwa jibu zuri. Lilikuwa na kisirani chake chote. Akalirudia.