Jina Lililokatwa kwenye Fomu ya Beji

"Huu si mwandiko wako, Hetty?"

Niliiweka fomu kando ya birika la chai. Mchumba wangu aliitazama, akaendelea kukata mkate. Asubuhi ile tangazo la tatu la ndoa yetu lilikuwa limesomwa kanisani. Mama alikaa karibu na jiko, anamenya viazi.

"Umeitoa wapi?"

"Ofisini kwenu kiwandani. Jana nilikwenda kurudisha beji niende vitani. Karani mwenzako akafungua faili."

Mimi na mdogo wangu Clem, wote mafundi wa kiwanda hicho, tulijiandikisha jeshini siku moja, mji mzima wa Sheffield ukitupigia makofi. Wiki ya pili nikarudishwa kwenye mashine, kukereza mabomu ya mizinga, nikapewa beji ya kifuani, ishara kwamba kiwanda kinanihitaji, watu wasiniite mwoga. Clem akaenda. Mwezi wa saba ikaja barua ya jeshi: Clem ameuawa. Tangu hapo nakula, nalala, nakereza. Kulia sijalia.

"Humu kuna majina mawili," nikasema. "La Clem limekatwa."

"Ilibaki beji moja. Msimamizi akaniambia niamue mimi."

"Ukamkata mdogo wangu."

"Nilimkata."

"Na ukakaa meza moja na mama yangu miezi yote hii."

Hetty alimtazama Mama.

"Basi harusi hakuna," nikasema. Nilisema kama mtu anayeagiza makaa.

Hetty akachukua koti lake. Kisu cha Mama kikasimama.

"Kaa chini, mwanangu," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mimi ndiye niliyemwendea, Enoch. Nilimwomba anibakizie mmoja. Akaniuliza, yupi, mama? Nikamwambia chagua wewe, mimi nimewazaa wote. Halafu nikamwapisha asiseme."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu. Mimi nilikuwa naujua wangu tu.

"Kwa nini hukusema, Hetty?"

"Ningesema nini? Kwamba mama yako aliomba? Bora unichukie mimi."

Koti bado lilikuwa mkononi mwake.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Sijui. Sihisi kitu. Lakini usiondoke, chai inapoa."

Akaketi, akamimina vikombe vinne kwa mazoea. Hakuna aliyemsahihisha. Mama akakivuta kile cha nne, cha Clem, akakinywa chote.